Yubile za Redio na Televisheni: Siku Ipi Ihesabiwe?

Kamati ya sikukuu ilipotuomba tuseme mbele yenu, tulidhani tutapewa habari za majengo ya zamani, au habari za walimu wa kwanza. Walakini hayo yalikuwa yamekwisha kugawiwa wengine wayajuao kuliko sisi, nasi tukaachiwa jambo ambalo mwanzoni lilitushangaza, ndilo hili: miaka ya kukumbukwa katika historia ya redio na televisheni. Tukawauliza wanakamati, redio ina nini na yubile? Wakatujibu kwa kututolea barua ya mwalimu mmoja, na barua hiyo ndiyo iliyotufungua macho.

Mwalimu yule alieleza kwamba katika shule moja watoto waliulizwa kwenye mtihani, redio ilianza kutangaza mwaka gani. Mtoto mmoja akaandika 1920. Akapigiwa alama ya kosa, kwa maana kitabu cha msahihishaji kilisema 1906. Mtoto akaenda akaleta kitabu kingine kilichosema 1920 kama alivyosema yeye, na mwenzake akaleta cha tatu kilichosema 1922. Mwalimu atuuliza: mwenye haki ni nani? Tena aongeza kusema, na maneno hayo yalituchoma, ya kuwa mtoto yule tangu siku hiyo hapendi tena somo la historia, kwa kuwa aliona ukweli wake umefutwa kwa kalamu nyekundu.

Basi tukakaa, tukavisoma vitabu, na leo twaleta tuliyoyapata.

Kwanza, neno la yubile lenyewe. Wataalamu wa Kiebrania hutuambia ya kuwa asili yake ni pembe ya kondoo dume, ile iliyopigwa kuutangaza mwaka wa hamsini. Yubile ya kale, basi, ilianza kwa sauti. Sauti ilipita nchi nzima, na mtumwa aliyeisikia alijua ya kuwa siku yake imefika. Kama pembe ile ingalipigwa nyikani pasipo mtu, hapana ambaye angalifunguliwa siku ile. Twawaomba mliweke neno hilo moyoni, kwa kuwa ndilo lililotusaidia kuzipima tarehe hizi zote. Kila utangazaji una ncha mbili, mtu asemaye na mtu asikiaye. Vitabu vingi huhesabu siku ya asemaye peke yake.

Wazee wetu waliiita redio simu ya upepo, na jina hilo lilikuwa jina jema. Simu ya kwanza ilikwenda katika waya. Hii haina waya, hupita mahali pote kama upepo, wala mtu hawezi kuinyoshea kidole akasema, tazama, inapita hapa. Mjerumani Heinrich Hertz aliyadhihirisha mawimbi hayo katika chumba chake cha kazi kwenye miaka ya 1887 na 1888. Baada yake Guglielmo Marconi, kijana wa Bologna katika Italia, akayafanya kuwa kitu cha kutumika, na merikebu zikaanza kuitana baharini kwa alama za vitone na vistari.

Tarehe 12 Desemba 1901 Marconi alikuwa juu ya kilima karibu na mji wa St John's, katika kisiwa cha Newfoundland. Amerusha tiara angani kuubeba waya wake, na upepo ulikuwa mkali. Ng'ambo ya bahari, huko Poldhu katika Uingereza, mafundi wake walikuwa wakipiga alama moja tu, vitone vitatu, ambayo ndiyo herufi S. Saa sita na nusu mchana Marconi akatega sikio, akasema amevisikia. Akampa chombo msaidizi wake, George Kemp, naye akasema amesikia. Masikio ya watu wawili tu, wote wa upande mmoja! Haukuwako utepe wa karatasi wenye alama, wala shahidi wa nje. Tangu siku ile hata leo wako wataalamu wanaotia shaka, maana mawimbi ya namna ile hudhoofika sana wakati wa mchana, na ngurumo za angani zaweza kumdanganya mtu anayetamani kusikia.

Walakini tazameni alivyofanya Marconi. Hakukaa akawagombeza wenye shaka. Mwezi wa Februari 1902 alipanda merikebu iitwayo Philadelphia, akafunga chombo kinachoandika alama juu ya utepe wa karatasi, akamwita nahodha ashuhudie kwa macho yake, na nahodha akatia sahihi. Hapo ndipo ilipojulikana pia ya kuwa mawimbi yale husafiri mbali zaidi usiku kuliko mchana, jambo ambalo yeye mwenyewe hakulitazamia. Sisi twapenda Februari ile kuliko Desemba, ijapokuwa Desemba ndiyo iliyoandikwa katika kalenda.

Sasa tuje kwenye mwaka wa 1906, ule wa kitabu cha msahihishaji. Habari hii ni tamu, na kwa watu wa Kanisa ni tamu zaidi, kwa hiyo inatupasa kuiangalia kwa uangalifu mwingi.

Reginald Fessenden alizaliwa Kanada mwaka 1866, mwana wa kasisi wa Kianglikana. Yeye hakuridhika na vitone na vistari. Alitaka sauti yenyewe ya mwanadamu ipite hewani. Tarehe 23 Desemba 1900, katika kisiwa cha Cobb huko Marekani, alimwuliza msaidizi wake aliyekuwa umbali wa maili moja kama theluji inaanguka huko aliko. Msaidizi akapiga simu ya alama kumjibu kwamba ndiyo, inaanguka. Sauti ilikuwa mbovu, imejaa mikwaruzo, lakini ilijibiwa. Twaona hiyo ni habari nzuri mno: neno la kwanza la mwanadamu kupita hewani halikuwa hotuba ya mkubwa, lilikuwa swali la mtu kumwuliza mwenzake hali ya hewa, nalo likapata jibu.

Lakini si hiyo iliyojaa vitabuni. Iliyojaa vitabuni ni ya mkesha wa Noeli, tarehe 24 Desemba 1906. Husimuliwa ya kuwa Fessenden, akiwa katika kituo chake cha Brant Rock kwenye pwani ya Massachusetts, alipiga sahani ya muziki wa Handel, kisha akapiga fidla na kuimba wimbo wa Noeli, kisha yakasomwa maneno ya Injili ya Luka juu ya sifa za malaika, na mabaharia waliokuwa kazini, waliozoea kusikia vitone na vistari, wakashangaa kusikia mtu anaimba. Nani asiyependa hadithi kama hiyo? Sisi wenyewe tumewahi kuisimulia wakati wa Noeli, wala hatukuuliza imetoka wapi.

Imetoka katika barua aliyoiandika Fessenden mwenyewe mwezi wa Januari 1932, miaka ishirini na mitano baadaye, na mwaka huo huo akafa. Ilipokaribia miaka mia, yaani mwaka 2006, watu walijiandaa kuifanyia sikukuu, na wengine wakaenda kuchungua: wakapekua magazeti ya siku zile, na madaftari ya merikebu, na maandishi ya wapiga simu. Hawakupata baharia hata mmoja aliyeandika wakati ule kwamba usiku ule alisikia fidla. Kilichopatikana ni ushuhuda mwingine: kwamba tarehe 21 Desemba 1906, siku tatu kabla, Fessenden aliwakusanya wageni akawaonyesha sauti na muziki vikipita hewani toka Brant Rock hata mji wa Plymouth, na jambo hilo likachapwa katika gazeti la mafundi mwanzo wa mwaka 1907.

Hatusemi Fessenden alisema uwongo. Mzee aweza kuchanganya siku mbili katika kumbukumbu yake. Na madaftari ya merikebu mengi yamepotea. Twasema tu kwamba siku yenye wimbo na Injili haina shahidi, na siku yenye mashahidi haina wimbo wala Injili. Tukiwa watu wa imani tusiogope kulisema hilo. Injili haihitaji fidla ya Brant Rock iitegemeze.

Sasa mwaka wa 1920. Frank Conrad alikuwa fundi wa kampuni ya Westinghouse katika mji wa Pittsburgh, Marekani. Nyumbani kwake, juu ya banda la motokaa, alikuwa na mtambo wake, na jioni alipiga sahani za gramafoni kwa ajili ya majirani wenye vyombo vya kusikilizia. Mwezi wa Septemba duka moja kubwa la mji likatangaza gazetini ya kuwa linauza vyombo vya kumsikilizia Conrad, kuanzia dola kumi. Wakubwa wa kampuni walipoliona tangazo lile wakafunguka akili. Mpaka siku hiyo watu walidhani kasoro ya simu ya upepo ni kwamba haina siri, kila mtu aweza kuisikia. Tangazo la duka likawaonyesha ya kuwa kasoro ile ndiyo faida yenyewe.

Basi wakajenga kibanda juu ya paa la kiwanda, na jioni ya tarehe 2 Novemba 1920, siku ya uchaguzi wa rais, kituo kilichoitwa KDKA kikatangaza hesabu za kura za Harding na Cox hata usiku wa manane. Habari zililetwa kwa simu ya waya kutoka gazetini, na Leo Rosenberg akazisoma. Mara kwa mara alikatiza hesabu za kura akawaomba wasikilizaji: yeyote anayetusikia, atuletee habari, atuambie sauti inafika mbali gani na inasikika namna gani. Ndugu walimu, mtu huyu hakuridhika kusema. Alitaka kujua kama amesikiwa. Kwa sababu hiyo twaona mtoto aliyeandika 1920 alikuwa na haki ya alama yake, na mwalimu yule tumekwisha kumwandikia hivyo.

Lakini haki hiyo si ya Pittsburgh peke yake, na hapa ndipo vitabu vinapokosana. Katika Detroit gazeti moja lilikuwa limeanza kutangaza tarehe 20 Agosti mwaka ule ule. Katika Buenos Aires, tarehe 27 Agosti, madaktari vijana walipandisha mtambo juu ya paa la jumba la michezo, wakatangaza opera ya Wagner iitwayo Parsifal, wakasikiwa na nyumba chache tu zilizokuwa na vyombo. Wenyeji wakawaita wendawazimu wa darini, na Waargentina hata leo huiadhimisha siku ile kuwa siku ya utangazaji. Na kabla yao wote, tarehe 6 Novemba 1919, Mholanzi Hanso Idzerda alikuwa ametangaza muziki kutoka nyumbani kwake mjini The Hague, naye siku moja mbele alitia tangazo gazetini ili watu wajue saa na mahali pa kusikiliza. Huyu Idzerda mwisho wake ulikuwa wa huzuni: mwaka 1944, wakati wa vita, askari wa Kijerumani walimkamata akichukua vipande vya kombora lao lililoanguka, wakampiga risasi.

Kwa hiyo mwalimu akiulizwa ni nani wa kwanza, na aulize kwanza: wa kwanza kwa jambo gani? Wa kwanza kutoa sauti? Wa kwanza kuwapa watu habari mapema? Wa kwanza kutangaza siku kwa siku asikome? Kila swali lina jibu lake, na mtihani usemao ilianza mwaka gani, bila kueleza ni nini kilichoanza, ni mtihani uliotungwa kwa haraka.

Mwaka wa 1922 ni wa Waingereza. Kampuni ya utangazaji, BBC, iliundwa mwezi wa Oktoba, na tarehe 14 Novemba, saa kumi na mbili jioni, Arthur Burrows alisoma habari katika jumba la Marconi mjini London. Alizisoma mara mbili, mara moja kwa mwendo wa kawaida na mara moja polepole, akawaomba wasikilizaji waseme wapendavyo. Tulipolisoma hilo tulicheka, maana ndivyo afanyavyo kila mwalimu mzuri wa imla. Hakuna sahani iliyoihifadhi sauti ya jioni ile. Mwaka 2022 BBC ilitimiza miaka mia, na mwanzo wake wenyewe hapana awezaye kuusikia tena.

Baada ya hapo sauti ikavuka bahari. Tarehe 19 Desemba 1932 BBC ilianza kutangaza kwa mawimbi mafupi kwa nchi zilizotawaliwa na Uingereza, na mkubwa wake, John Reith, siku ile ile aliwaonya wasikilizaji wasitazamie mambo ya kupendeza sana wala mazuri sana. Wakubwa wa namna hiyo ni wachache! Siku sita baadaye, alasiri ya Noeli, Mfalme George wa Tano aliwasalimu watu wake kutoka nyumba yake ya Sandringham, kwa maneno aliyoandikiwa na Rudyard Kipling.

Hapo ndugu fulani ataomba tujibu: na sisi je? Yubile yetu ya redio ni ipi?

Mkitazama vitabu mtaona ya kuwa utangazaji ulianza Nairobi mwaka 1928, na kwamba Kenya ilitangulia karibu nchi zote za Afrika. Ni kweli. Lakini redio ile iliwekwa kwa ajili ya walowezi wa Kizungu, kwa lugha ya Kiingereza, na vyombo vyake vilikuwa ghali. Mwenyeji aliyepita nje ya dirisha aliweza kusikia kelele za muziki, asijue ni maneno ya nani. Je, tumwite mtu huyu msikilizaji? Kwa kipimo chetu cha ncha mbili, mwaka wa 1928 una ncha moja tu kwa upande wetu. Miaka mia ya mwaka ule inakaribia, nasi twatazamia kwamba hotuba nyingi zitasemwa. Zikisemwa, na ikumbukwe ni nani waliosemeshwa siku zile, na ni nani waliopita dirishani.

Kiswahili kiliingia hewani kwa sababu ya vita. Vita vya Pili vilipoanza mwaka 1939 vijana wengi wa Afrika ya Mashariki waliingia jeshini, na serikali ikaona ya kuwa wazazi wao watasikia uvumi kama hawasikii habari. Ndipo yakaanza matangazo ya lugha zetu, na vipaza sauti vikawekwa mahali pa mikutano. Hivyo ilikuwa Lusaka pia, katika nchi iliyo Zambia sasa, ambako kituo kidogo kilianza mwaka 1941 kwa ajili ya jamaa za askari.

Habari ya Lusaka tumeipenda sana, na ijapokuwa si nchi yetu twaomba ruhusa kukaa hapo kidogo. Vita vilipokwisha, Harry Franklin, mkubwa wa idara ya habari, aliona ya kuwa ana kituo, ana watangazaji, ana lugha za wenyeji, lakini hana wasikilizaji, kwa kuwa hakuna chombo ambacho mtu wa kijijini aweza kukinunua. Akatafuta kiwanda. Wengi walimkataa, wakisema Waafrika hawatanunua. Mwisho kampuni ya betri ya Ever Ready ikakubali, na mwaka 1949 kikatoka chombo cha duara chenye umbo la sufuria, kimepakwa rangi ya buluu, kinachotumia betri kavu, kwa bei ya pauni tano. Watu wakakiita redio ya sufuria. Hazikuwa fedha kidogo kwa mtu wa kazi, lakini watu walizitoa. Na barua zikaanza kumiminika kituoni, za kusifu, za kukosoa, za kuomba nyimbo, na za kuwasalimu ndugu walio migodini. Kwetu sisi mwaka huo wa 1949 wastahili yubile kuliko miaka mingi iliyoandikwa kwa wino mweusi, kwa sababu ndipo ncha ya pili ilipofungwa.

Tanganyika kituo kilianza Dar es Salaam mwaka 1951, nacho mwanzoni kilikuwa kidogo, sauti yake ya kuwatosha watu wa mjini. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. London ilianza kutuletea Kiswahili tarehe 27 Juni 1957, na Ujerumani mwaka 1963. Tarehe hizo zajulikana. Isiyojulikana ni tarehe ya kila kijiji: siku ambayo chombo cha kwanza kilifunguliwa barazani, labda kwa mwalimu, labda kwa mwenye duka, na watu wakakaa chini kimya kungoja habari. Wako kati yenu wanaokumbuka betri zikianikwa juani juu ya bati ili zipate nguvu ya jioni moja zaidi, na mtoto aliyepigwa kofi kwa kugusa kitufe. Mambo hayo hayamo katika kitabu chochote tulichokisoma.

Televisheni tutaipitia kwa kifupi, maana saa inakwenda. Hiyo nayo ina siku mbili za kuzaliwa. Tarehe 2 Oktoba 1925 Mskoti John Logie Baird, katika chumba chake mjini London, aliiona sura ya kichwa cha mwanasesere ikitokea katika chombo chake. Akashuka mbio, akamshika kijana wa ofisi ya chini, jina lake William Taynton, akampandisha na kumkalisha mbele ya taa. Taa zilikuwa kali mno, kijana akajivuta nyuma, na Baird akitazama hakuona kitu. Ikambidi ampe shilingi mbili na nusu ndipo akubali kuivumilia joto. Hivyo mtu wa kwanza kuonekana katika televisheni alilipwa ili akae. Lakini sikukuu hufanywa zaidi kwa tarehe 26 Januari 1926, wakati wanachama wapatao arobaini wa chama cha wataalamu kiitwacho Royal Institution walipopanda ngazi nyembamba za nyumba ya mtaa wa Frith wakajionea wenyewe. Hapa tena mashahidi wamemshinda mwanasesere, nasi twaona ni haki.

Matangazo ya kila siku ya televisheni ya BBC yalianza katika jumba la Alexandra Palace tarehe 2 Novemba 1936. Mtaona ni tarehe ile ile ya Pittsburgh, nayo katika kalenda ya Kanisa ni siku ya kuwakumbuka marehemu wote. Limetukia tu, lakini huturahisishia kuikumbuka. Mitambo miwili ilishindanishwa, wa Baird wenye mistari 240 katika picha na wa Marconi-EMI wenye mistari 405; kwa kurusha sarafu Baird alipata kutangulia, na kabla mwezi wa Februari 1937 haujaisha mtambo wake ulikuwa umeachwa. Kwetu, Kenya ilipata televisheni mwaka 1962. Zanzibar mwaka 1973, nayo ya rangi, wakati nchi nyingi kubwa za Afrika zilikuwa bado hazina rangi. Na Tanzania Bara ikangoja hata mwaka 1994.

Jambo moja lisitupite. Mwezi wa Julai 1969 watu wawili walitembea juu ya mwezi, na inakadiriwa ya kuwa watu milioni mia sita waliwatazama. Kwetu ilikuwa alfajiri ya tarehe 21, na wengi waliisikia kwa redio. Mwaka 2009, miaka arobaini ilipotimia, shirika la anga la Marekani liliitafuta tepu ya asili, yenye picha safi kuliko zile zilizoonekana majumbani. Haikupatikana. Wakaungama ya kuwa yaelekea ilifutwa pamoja na nyingine nyingi, ili zitumike tena, kwa sababu tepu zilikuwa haba. Ikabidi watengeneze nakala kutoka zile zilizohifadhiwa na vituo vya televisheni. Ikiwa matajiri wale waliweza kufuta tepu ya mwezini, sisi tusijione salama na kanda zetu za kwaya zilizo katika sanduku nyuma ya mlango wa sakristia. Tumezitazama juzi. Mbili zimeota ukungu.

Kwa ajili hiyo tumefungua daftari, na katibu wa kamati analo mezani pale karibu na mlango. Twaomba kila mwalimu arudipo kwake awaulize wazee swali moja tu: redio uliisikia lini mara ya kwanza, kwa nani, na ilisema nini? Aandike jina la kijiji, na jina la msemaji akikubali, na jina la mtu mwingine aliyekuwako kama yupo hai. Tarehe ikikosekana, na iandikwe kwa mambo yaliyokuwa yakitendeka: njaa, mafuriko, kujengwa kwa daraja, kupita kwa mtu mkubwa.

Ukurasa wa kwanza umekwisha kujaa. Mzee mmoja wa mtaa huu alituambia ya kuwa aliisikia redio kwanza dukani, mwaka wa mvua kubwa zilizovunja daraja, na kwamba sauti ilikuwa ikisoma bei ya pamba. Mkewe alikuwa ameketi karibu akichambua mchele. Akasema, la, daraja lilikuwa bado zima, maana walivuka juu yake kwenda dukani, tena haikuwa bei ya pamba, ilikuwa taarabu. Wakabishana kwa heshima, kila mmoja na ushahidi wake, hata chai ikapoa. Tukayaandika maneno ya wote wawili, la mume juu na la mke chini, tukaacha nafasi ya mistari mitano kwa yeyote mwingine aliyekuwako dukani siku ile.